UZI: Mna mtoto na hamkuoana? Uzazi uthibitishwe mapema, msisubiri ugomvi wala msiba

MsaidiziMoro (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Morogoro. Kesi zinazoniumiza kuliko zote si za viwanja wala mikopo, ni za watoto ambao wazazi wao hawakufunga ndoa. Baba yupo, mtaa mzima unajua mtoto ni wake, ada analipa, sikukuu ikifika nguo ananunua. Lakini hakuna karatasi hata moja iliyoandikwa. Siku baba akifariki, au wakikosana na mama akaolewa kwingine, ndipo watu wanaanza kutafuta ushahidi, na hapo kila upande umeshakasirika.

Nazungumzia Tanzania Bara. Namba za vifungu nazitoa kwenye toleo la 2019.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009 (Sura ya 13), haimwangalii mtoto kwa ndoa ya wazazi wake. Kifungu cha 5 kinakataza kumbagua mtoto, na kuzaliwa kwake ni mojawapo ya sababu zilizotajwa. Cha 6 kinampa haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa damu na ndugu zake. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wajibu wa wazazi, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Sheria hii ndiyo iliyoifuta Sura ya 278, ile ya enzi za mkoloni, ambayo chini yake hakimu hakuweza kumwamuru baba atoe zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa. Shilingi 100! Kilo ya unga ilishaivuka bei hiyo zamani sana na sheria ilikuwa bado ipo vitabuni.

Sasa kiini. Kifungu cha 34 kinaruhusu mahakama kutoa amri ya kuthibitisha nani mzazi wa mtoto. Wanaoweza kuomba ni mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, afisa ustawi wa jamii, na mtu mwingine mwenye maslahi akipewa ruhusa maalumu ya mahakama. Imeandikwa "mzazi". Si mama peke yake. Baba anayefichwa mtoto naye ana mlango wa kugonga. Ombi linaweza kupelekwa hata kabla mtoto hajazaliwa, au kabla hajafikisha miaka 18, na baada ya hapo kwa ruhusa maalumu. Mzazi akishafariki, muda ni miaka 3. Hiyo miaka 3 imewaponyoka wengi, kwa sababu ukoo unawazungusha kwenye vikao vya "tutakaa tuongee" mpaka inakwisha.

Ushahidi unaotazamwa uko kifungu cha 35: jina la mzazi kwenye daftari la vizazi, baba kumfanyia mtoto mila za ukoo, kumkiri hadharani, majibu ya DNA. Na kukataa kupimwa nako kunahesabiwa kuwa ushahidi. Kwa hiyo yule anayesema "sipimwi, mtanifanya nini" anajiharibia mwenyewe.

Ninachowaomba akina baba na akina mama ni kimoja. Fanyeni hili mkiwa bado mnasalimiana. Kama hamkufunga ndoa, jina la baba linaingia kwenye cheti baba mwenyewe akikubali, kwa hiyo nendeni wote wawili. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wa watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, umeshusha usajili hadi vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hicho ni bure. Asubuhi moja ya uvumilivu inamwokoa mtoto na miaka ya kesi.

Karibuni kwa maswali.

Fundi_Chalinze

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nina binti wa miaka 5. Mama yake kanikatalia kumwona tangu nioe. Hela natuma kila mwezi, sijawahi kuruka. Wazee wameniambia nitulie, akifika miaka 7 mtoto ni wa baba, naenda kumchukua na sheria iko upande wangu. Ni kweli?

MsaidiziMoro

Kaka, pole. Hilo la miaka 7 limewaponza wanaume wengi na linafaa kuzikwa leo.

Chanzo chake ni Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Pale inasemwa kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 anachukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akitimiza 7 anahamia kwa baba. Kinachotokea ni kwamba ile dhana inaondoka, na hakimu anapima mambo yote kwa usawa: maslahi ya mtoto, umri wake, maoni yake kama anaweza kuyatoa kwa uhuru, ndugu zake wasitenganishwe, na asitolewe ovyo mahali alipozoea. Ukienda kumchukua kwa nguvu, unajiingiza kwenye kosa la kumwondoa mtoto kinyume cha sheria, na siku ya kesi hilo ndilo litakalosomwa kwanza.

Unachoweza kuomba sasa hivi, bila kusubiri miaka 7, ni kuonana na mtoto. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto. Mkipatana pale, patano liandikwe. Msipopatana, nenda Mahakama ya Watoto uombe uthibitisho wa uzazi na haki ya kumtembelea kwa pamoja. Na meseji zako zote za kutuma hela, usifute hata moja.

BintUsambara

Samahani mleta uzi, naona unawapa wanaume silaha. Wengi hawa wanaolilia "kuonana" ndio walewale waliosema mimba si yao. Mimi wangu alinizimia simu nikiwa na miezi 4 ya ujauzito. Leo mtoto anatembea, kachangamka, ghafla baba anataka picha na mtoto. Kwanza alipe yote ya nyuma, halafu tuzungumze.

MsaidiziMoro

Dada yangu, uchungu wako ni wa haki na simtetei mtu aliyekimbia mimba. Ila naomba unisikilize kwa hili moja, kwa sababu nimeona mwisho wake mara nyingi.

Matunzo na kuonana ni haki mbili, na zote mbili ni za mtoto. Baba asiyetoa matunzo unamshtaki kwa matunzo. Mama anayemficha mtoto anashtakiwa kwa kumficha. Mkizifunga pamoja, yeye atasema "sitoi mpaka nimwone", wewe utasema "humwoni mpaka utoe", na anayekosa vyote ni mtoto. Mahakama haikubali hesabu hiyo kutoka upande wowote.

Na wewe una jambo la haraka. Sheria inaweka muda wa kuomba matunzo dhidi ya mwanaume anayedaiwa kuwa baba: kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Ukipitisha hapo, inabidi uonyeshe kwamba ndani ya miezi hiyo 24 aliwahi kutoa kitu kwa ajili ya mtoto, au kwamba alikuwa nje ya nchi. Kwa hiyo zile meseji za M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa), hata ya shilingi 20,000 ya nepi, zina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Mwanao ana umri gani?

BintUsambara

Ana mwaka na miezi 5.

MsaidiziMoro

Basi bado una muda. Usiupoteze.

Kaka_Temeke

Mimi nina swali la aibu kidogo ila naomba nisaidiwe. Mtoto ninayemlea wa mchumba wangu wa zamani, moyo wangu haujatulia. Nataka kupima DNA kimyakimya, mama asijue. Naweza kwenda kwa Mkemia Mkuu na mtoto tu?

Nesi_Mstaafu

Mwanangu, hakuna aibu hapo. Lakini kimyakimya haiwezekani, na ni vizuri haiwezekani.

Tangu Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009, huendi dirishani ukaomba kama unavyopima malaria. Ombi linatoka kwenye mamlaka: mahakama, polisi, ustawi wa jamii, wakili. Njia ya kawaida kwa mtu kama wewe ni ustawi wa jamii au wakili. Wanaandika barua, wahusika wanaitwa, mnafika kwa Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali na vitambulisho, na sampuli inachukuliwa mbele ya mtaalamu: kijiti chenye pamba kinapitishwa ndani ya shavu, mtoto halii wala haumii. Kila sampuli inalipiwa. Majibu yanarudi kwa mamlaka iliyoomba. Hawakupigii simu kukuambia.

Kinachonisumbua kwa wanaume wa siku hizi ni kwamba wanakwenda kupima bila kujiuliza watafanya nini na jibu. Majibu yakisema si wako, mtoto uliyemzoesha kukuita baba unamwachaje? Zungumza na afisa ustawi kabla, si baada.

WakiliMwanza

Naongeza kuhusu mirathi, maana mleta uzi kagusia msiba akapita.

Hapa ndipo sheria yetu ilipo na mpasuko. Upande mmoja kuna Sheria ya Mtoto, kifungu cha 10, kinachokataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Upande wa pili kuna kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinazosema mtoto wa nje ya ndoa harithi upande wa baba kama hakuna wosia. Zilizotangazwa mwaka huohuo kuhusu hadhi ya watu, Na. 279, zinamweka mtoto huyo upande wa mama, isipokuwa baba amwoe mama yake au alipe shilingi 100 kwa baba wa binti kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani nayo iliwakatalia watoto wa nje ya ndoa kurithi mali ya baba aliyekufa bila wosia.

Baada ya 2009 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamekwenda njia nyingine, wakisema ubaguzi huo haukubaliki tena. Nafurahi. Lakini mimi kama wakili siwezi kumwambia mama "tulia, utashinda". Inategemea marehemu aliishi kwa sheria ipi, ya kimila, ya Kiislamu au ya kiserikali, na inategemea jaji. Bunge lilipaswa kuzifuta kanuni hizo za 1963 kwa maneno ya wazi, na kila mwaka linaochelewa kuna watoto wanatolewa kwenye nyumba walizozaliwa.

Baba mwenye mtoto wa nje anayempenda aandike wosia. Wa maandishi, wenye tarehe na mashahidi, wenye jina kamili la mtoto. Mapenzi bila wosia hayasomeki kwenye kikao cha ukoo.

MsaidiziMoro

Asante sana mwanasheria. Niseme tu kwamba kanuni zile zilitungwa kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Hapa kwetu Uluguruni ukoo ni wa mama, mtoto ana pa kuegemea kwa wajomba hata baba akimkana. Shida inakuja mama Mluguru akizaa na mtu wa Mara au wa Kilimanjaro. Kila upande unakuja na mila yake, na mtoto anabaki katikati.

Ustadhi_Tanga

Assalaam alaykum.

Kwa familia za Kiislamu, naomba niseme kwa upole maana jambo hili linawagawa watu. Katika fikihi yetu ya Kishafi, nasaba ya upande wa baba inatokana na ndoa. Mtoto aliyezaliwa nje yake anamrithi mama yake na jamaa za mama, nao wanamrithi. Kwa baba, fungu la mirathi halipo. Lakini baba hajafungiwa njia. Anaweza kumuusia mtoto huyo mpaka theluthi moja ya mali yake, kwa kuwa si mrithi na wasia kwake unasihi. Na akiwa hai na mzima, anaweza kumpa hiba, yaani zawadi, nyumba au shamba, akamkabidhi kabisa kwa mashahidi. Tena matunzo yaliyo kwenye Sheria ya Mtoto yanamhusu kila raia, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Nawaambia vijana wangu msikitini: mtoto hana dhambi yoyote. Dhambi ilikuwa ya wawili, wao ndio watubu, na sehemu ya toba ni kumtunza.

Nyali_Mombasa

Salaam kutoka Mombasa. Nawasoma tangu jana, nami nina la kuchangia, kwa kuwa huku tumepita njia ndefu.

Kenya ilikuwa na sheria ya 1959 iliyomruhusu mama asiyeolewa kumdai baba matunzo. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bunge lenyewe halikuwa na mwanamke hata mmoja wakati ule. Ikawa miaka na miaka mama hana pa kwenda. Ilipokuja Sheria ya Watoto ya 2001, ikasema kama wazazi hawakuoana, jukumu linaanzia kwa mama, na baba anaingia kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama. Kwa maneno mengine, mwanaume aliweza kuondoka zake mpaka mama amfuate kortini.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadili mambo. Ibara ya 53 inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kifungu cha sheria ya vizazi kilichozuia jina la baba kuandikwa mpaka wote wawili waombe kilikuwa kinavunja katiba. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 ikakata shauri: jukumu ni sawa, na hakuna mzazi mwenye haki ya juu kuliko mwenziwe.

Na ile iliyotikisa pwani yote ni ya Juni 2025. Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa marehemu Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wana haki katika mirathi yake, kwa kuwa kuwanyima ni kuwabagua kwa jambo wasilolitenda. Shauri lilianzia hukuhuku kwetu. Masheikh wengi hawakuridhika, na hoja zao ni kama alizozitaja Ustadhi. Mimi ni Mwislamu na binafsi nimeipokea hukumu ile kwa shukrani, kwa sababu nimeona mtoto akitolewa kwenye nyumba ya babake hata arubaini haijafika. Twaweza kujadiliana dini bila ya kumtupa mtoto nje.

Ustadhi_Tanga

Ndugu yangu wa Nyali, nimekusoma na nakuheshimu. Hatutaafikiana kuhusu fungu la mirathi. Kuhusu kumtoa mtoto nyumbani tuko pamoja mia kwa mia.

Mkaazi_Unguja

Msisahau kwamba Zanzibar ina sheria zake. Sheria ya Mtoto ya 2011, Na. 6, ni yetu, hiyo ya Bara haifiki huku. Na historia yetu ni nzito. Sheria ya 1985 ilimfunga jela mwanamke aliyepata mimba bila ya ndoa. Fikiria, mwenye tumbo anafungwa, na mwanamme ambaye tumbo halionekani yuko barazani. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 2005, ikaja sheria ya kuwalinda wari, yaani wanawake wasioolewa, na watoto wa mzazi mmoja, na adhabu ikawa kazi za jamii. Mamangu mdogo ni wa kizazi kile. Hadi leo hapendi kulizungumzia.

Mama_Wawili_Dom

Naomba kuuliza. Nimeishi na mwanaume miaka 6, watoto wawili, mahari hakutoa, kanisani hatukwenda. Majirani wananiita mke wa fulani. Sasa anasema niondoke maana "hatujaoana". Nina haki gani?

WakiliMwanza

Pole dada. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, inachukuliwa kwamba wameoana. Ila ni dhana, inaweza kupingwa. Kwa mfano, kama tayari ana ndoa ya Kikristo na mtu mwingine, ndoa yenu haiwezi kudhaniwa. Hata hivyo kifungu kinaendelea: dhana ikivunjwa, bado unaweza kuomba matunzo yako na ya watoto, na mahakama ina uwezo wa kutoa nafuu nyingine kama kwa waliooana, ikiwamo mgawanyo wa mlichochuma pamoja.

Usiondoke ukiwa na hasira ukaacha nyaraka. Risiti za vifaa vya ujenzi, hati, kadi za kliniki za watoto, vyote viweke kwa mtu unayemwamini.

Nesi_Mstaafu

Nami niongeze moja nililokutana nalo sana wodini. Kama mama ni binti wa chini ya miaka 18 na hajaolewa, hilo ni jinai kwanza. Familia mbili zikikaa zikapatana ng'ombe au pesa, jinai haijafutika. Matunzo ya mtoto yanadaiwa palepale, kosa la aliyempa mimba nalo linashughulikiwa palepale. Msikubali moja limeze jingine.

Fundi_Chalinze

Mkuu MsaidiziMoro, nimezungumza na mama wa mtoto leo. Nimempelekea huu uzi. Hajanijibu vizuri ila kakubali twende ustawi wa jamii wote wawili. Sijui kama ni kweli atafika.

MsaidiziMoro

Hiyo ni hatua kubwa kaka. Asipofika siku hiyo usigombane naye kwa simu. Afisa atatoa wito wa maandishi, na wito huo ni sehemu ya kumbukumbu zako.

BintUsambara

Na mimi nimeamua, Alhamisi naenda. Sina hela ya wakili. Nibebe nini?

MsaidiziMoro

Safi sana dada. Beba kadi ya kliniki na cheti cha mtoto kama unacho, kitambulisho chako, namba ya simu ya baba na mahali anapoishi au anapofanyia kazi, na meseji zote zilizobaki. Zichape kama unaweza, na simu yenyewe uwe nayo, maana ushahidi wa kielektroniki unapokelewa tangu sheria ya 2015. Andika kwenye daftari gharama za mtoto kwa mwezi: maziwa, dawa, chumba, anayemwangalia ukiwa kazini. Usizidishe. Mahakama inatazama kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine alionao, na gharama za maisha ya hapo ulipo, na hesabu ya kweli inasimama yenyewe ukihojiwa.

Wakili si lazima. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kuna mashirika yaliyosajiliwa kutoa huduma hii bure. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) wamezoea kesi za namna hii, na kwenye halmashauri nyingi kuna wasaidizi kama mimi.

Afisa akikuambia "rudini nyumbani mkamalizane", mwambie kwa heshima kwamba unaomba shauri liandikwe na upewe barua ya kwenda Mahakama ya Watoto. Muda wako unakwisha baada ya miezi 7. Ukikwama, rudi hapa uandike umekwamia wapi, bila kutaja jina la mtu yeyote, tutakuelekeza.

BintUsambara

Nimeandika yote. Asante dada. Nitaleta mrejesho.